Kikavu ni Kikavu

Kabula mwanangu,

Mama yako amekwisha kukueleza habari za mashuka, za chakula na za wapangaji utakaoishi nao huko Mwanza, na akipata nafasi atakueleza tena, kwa hiyo mimi huko sigusi. Nimefunga duka mapema. Wewe uko Nyalikungu kuagana na shangazi yako, na namjua shangazi yako, hatakuachia kabla hujala. Basi nina mchana huu wote, nina kalamu, na nina lile daftari la maswali ulilonisaidia kuliandika tangu ulipokuwa shule ya msingi. Hizi ni kurasa zake za nyuma. Nimeianza barua hii mara tatu. Mara mbili nilijikuta najisifu, nikachana.

Uliporudi kutoka kwenye usaili ulikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni pako tangu matokeo ya kidato cha nne. Ulitusimulia mezani, mimi na mama yako, ukiigiza hata sauti za waliokuhoji. Walikuuliza kwa nini unataka kufanya kazi kwenye idara inayoandika maelezo ya dawa na mbegu, kazi ambayo wengine wanaiona ya kuchosha. Ukawaambia habari za daftari. Ukawaambia baba yako ana duka la pembejeo Bariadi, na kwa miaka kumi amekuwa akiandika kila swali la mteja ambalo pakiti haina jibu lake, na kuwapelekea wao wenye bidhaa. Kisha ukasema, nakumbuka neno kwa neno, "Nimewaambia baba yangu hajawahi kumdanganya mteja." Wakapiga makofi, ukasema. Wakakuomba siku ya mkutano wa wenye maduka wote wa kanda usimame uisimulie tena.

Nikaacha ugali nusu nikatoka nje. Mama yako akakwambia tumbo linanisumbua. Mama yako anajua halikuwa tumbo.

Siwezi kukuacha usimame mbele ya wenye maduka wenzangu ukiwa umebeba uongo wangu, tena ukiusema kwa sauti yako nzuri. Nitakueleza daftari lilianzaje. Ukimaliza kusoma utanifikiria utakavyonifikiria.

Unajua watu wananiita bwana shamba. Hujawahi kuniuliza kwa nini, na mimi sikuwahi kulikanusha. Sijasomea kilimo. Nilimaliza darasa la saba, nikawa karani wa kupima pamba msimu hadi msimu, kisha nikafungua duka nikiwa na kozi ya siku mbili na cheti kilichoning'inia pale ukutani mpaka mchwa walipokila pembe. Lakini nilikuwa na mdomo. Mtu akija na jani la pamba lililotobolewa namwambia mdudu ni huyu, dawa ni hii, kifuniko kimoja kwa bomba moja, rudi baada ya wiki. Mara nyingi nilipatia. Mara nisipopatia, mtu alilaumu mvua. Basi jina la bwana shamba likanikaa vizuri mwilini, na neno moja likaanza kunishinda kulitamka. Neno lenyewe ni "sijui". Hebu fikiria, mtu mzima na ndevu zake, neno dogo hivyo linamshinda.

Ulikuwa darasa la tano. Ulikuwa ukija dukani ukitoka shule, unakaa juu ya magunia ya mbegu unafanya kazi zako. Siku moja akaingia Mayu Holo. Sijui kama unamkumbuka: mama mtu mzima, mrefu, mwembamba, kutoka kijiji kimoja cha huko Kasoli, mteja wangu wa tangu duka lilipokuwa la mabati. Alikuwa hapiti bila kuniuliza habari zako. Siku hiyo alifungua pindo la khanga akamimina matobolwa, vile viazi vyetu vya kuchemsha na kuanika, juu ya meza yangu.

"Mwadila, bwana shamba," akanisalimia. "Hebu ona. Dumuzi wamehama kwenye mahindi, sasa wanakula na haya."

Kweli yalikuwa na matundu na unga unga. Akachagua vipande viwili vizima akakupa wewe, ukatafuna hapo hapo.

"Ile dawa ya mahindi," akaniuliza, "nikiyanyunyizia na matobolwa, yafaa?"

Kabula, nilikuwa nauza ile dawa kwa kupima. Watu wengi hawana mahindi ya kumaliza kopo zima, wana magunia mawili, matatu, kwa hiyo sisi wenye maduka tulikuwa tunafungua kopo, tunachota, tunafunga kwenye kifuko cha nailoni kisicho na maandishi yoyote. Maandishi yalibaki kwenye kopo. Na hata kwenye kopo yalikuwa machache: kwa mahindi, mtama na nafaka nyingine kavu. Maelezo marefu yalikuwa kwenye karatasi iliyokuja ndani ya boksi, maandishi madogo kama mayai ya chawa, Kiingereza kitupu. Karatasi hiyo sikuwahi kuisoma. Meza yangu ya mizani ilikuwa na mguu mmoja mfupi, nikaikunja mara nne nikauwekea mguu huo.

Nilipaswa kusema sijui, mayu, ngoja nimpigie simu aliyeniletea. Namba yake ilikuwa imeandikwa ukutani kwa chaki, mbele ya macho yangu. Wateja wengine wawili walikuwa wamesimama wanasikiliza. Nikacheka. Nikasema, "Kikavu ni kikavu, mayu. Mahindi makavu, matobolwa makavu. Nyunyiza mpaka uone yamekuwa meupe kidogo."

Akashukuru, wabeja sana, bwana shamba. Nikampimia. Mkono wangu ndio uliofunga kile kifuko.

Mahindi yana safari ndefu kabla hayajafika mdomoni, yanapepetwa, yanaoshwa, yanakobolewa. Matobolwa unayajua mwenyewe. Kiazi kimekwisha kuchemshwa kabla hakijakatwa na kuanikwa, kwa hiyo mtoto anachomoa kipande kwenye mfuko anakimbia nacho, na hakuna anayemwita arudi akakioshe. Mayu Holo alikuwa akikaa na wajukuu wawili, watoto wa mwanawe Jilala. Mkubwa Minza, miaka tisa. Mdogo Nkamba, miaka minne. Wazazi wao walikuwa shambani wanachuma pamba, na bibi akawapa watoto matobolwa kwa mkono wake, kama alivyokupa wewe.

Nkamba alifariki kabla hawajafika hospitali. Minza alilazwa, akapona.

Hospitali walisema ni sumu. Wakauliza watoto wamekula nini. Wamekula matobolwa. Aliyewapa nani? Bibi yao. Kwetu huku unajua maneno hayo matatu yakikutana yanazaa nini. Mayu Holo alikuwa mjane, macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka yote ya kupika, na msimu uliotangulia jirani yake alipoteza ndama. Mpaka maziko yanaisha, kesi ilikuwa imekwisha kuhukumiwa: bibi ni mchawi.

Alijitetea. Alisema ni dawa, nilinunua Bariadi, bwana shamba mwenyewe aliniambia yafaa. Na Jilala, Mungu ambariki, alitaka kumwamini mama yake. Ndiyo maana alikuja dukani. Siku ya tatu baada ya kumzika mtoto, alisimama hapa hapa ninapoandika, vumbi mpaka magotini, hakunisalimia. Wewe ulikuwa juu ya magunia.

"Mama anasema ulimpa dawa ya kuweka kwenye matobolwa," akasema. "Ni kweli?"

Nilikuwa nimesikia habari za msiba tangu juzi yake. Nilikuwa nimekwisha kuvuta ile karatasi chini ya mguu wa meza, nimeisoma kwa kamusi yako ya shule, mstari baada ya mstari, jasho linanitoka. Mstari wa tisa ulisema isitumike kwenye chakula kilichokatwa vipande, wala chakula kinacholiwa bila kuoshwa. Yaani aliyeitengeneza alijua. Aliandika. Na mimi nilikuwa na maandishi yake siku zote, chini ya mguu wa meza.

Jilala alikuwa ananitazama mdomoni.

Nikasema, "Mimi nauza dawa ya mahindi, Jilala. Siwezi kumwambia mtu aweke kwenye matobolwa."

Alitikisa kichwa taratibu, mara mbili, akatoka. Na wewe ukasema, "Baba, si ulimwambia…" Hukumaliza. Nilikutuma ukanunue chumvi. Chumvi ilikuwepo nyumbani, mama yako alishangaa. Uliporudi nikakueleza kwamba umesikia vibaya, kwamba bibi yule aliuliza habari za mahindi, na wewe ulikuwa mtoto mwenye kuniamini, ukakubali. Huo ni uongo wa pili, na niliusema kwako. Labda umesahau kabisa. Labda ukisoma hapa utakumbuka chumvi.

Jioni ile walibomoa nyumba ya Mayu Holo. Hawakumuua, na watu wakasema ameponea kwa sababu Jilala alisimama mlangoni akawaomba. Akafukuzwa na kile alichoweza kubeba kichwani. Jilala hakumsindikiza. Mayu Holo alikwenda kwa kaka yake, Kiloleli, upande wa Busega, na jina la mchawi likatangulia kufika. Huko anaishi mpaka leo. Miaka kumi, Kabula. Mwanawe hajawahi kukanyaga.

Nilimweleza mama yako mwaka uliofuata, nilipoona nashindwa kulala. Nilidhani atanibembeleza. Aliendelea kuchambua choroko, kisha akasema, "Kwa nini unaniambia mimi? Mimi siyo Holo." Tangu siku hiyo hajalirudia, na mimi nikachukua ukimya wake kama ruhusa. Haukuwa ruhusa.

Nilichofanya badala ya kwenda Kiloleli ni daftari.

Hilo ndilo daftari ulilowasimulia. Nilianza nalo wiki ile ile, kwa woga, siyo kwa kupenda wateja. Kila aliyeuliza jambo nisilolijua, niliandika. Dawa hii yafaa choroko? Mama mwenye mimba anaweza kuishika? Kipimo hiki ni cha bomba dogo au kubwa? Kopo likiisha naweza kuwekea maji ya kunywa? Mwandiko wangu ni wa kuku, ndiyo maana nikakupa wewe uandike upya, na ukaona fahari kupewa kazi ya dukani. Swali la kwanza kabisa kwenye ukurasa wa kwanza ni la matobolwa. Uliliandika wewe. Uliweka na mstari chini yake kwa rula.

Aliyekuwa akituletea mizigo wakati huo ni Renatus, afisa mauzo, unamkumbuka kwa miwani na pikipiki nyekundu. Nilipompa karatasi za kwanza alizitazama kama mtu aliyepewa risiti ya duka jingine. "Mzee," akasema, "wewe uza. Maandishi ni mambo ya ofisini." Akafika kwenye la matobolwa akacheka. "Nani ataweka dawa ya mahindi kwenye matobolwa?"

"Mtu anaweza," nikasema.

Hapo ningeweza kumweleza. Alikuwa peke yake, ameshika kofia. Sikumweleza, na kwa sababu hiyo swali langu lilionekana la kijinga, likakaa ofisini kwao misimu miwili mizima. Ona uongo unavyofanya kazi. Kama ningemwambia kuna kaburi la mtoto wa miaka minne Kasoli, angeendesha ile pikipiki mpaka Mwanza bila kusimama. Nilimpa swali, nikamnyima sababu.

Alikuja kubadilika kwa njia nyingine. Msimu mmoja walileta dawa ya pamba kwenye chupa ile ile, rangi ile ile, lakini kali zaidi, na hawakumwambia mtu yeyote. Kipimo kipya kilikuwa nyuma ya chupa, chini kabisa. Mimi kwa sababu ya woga wangu nilikuwa nasoma kila kitu kama mtu anayesoma hukumu yake, nikakiona. Nikampigia. Hata yeye alikuwa hajui. Yeye mwenye mzigo! Safari iliyofuata akaja na karatasi yenye maandishi wanayotaka kuweka kwenye pakiti mpya za dawa ya mahindi, akaniomba niisome. Nikasema usinipe mimi, mpe huyo. Kulikuwa na mama mmoja kasimama mlangoni anasubiri mbegu. Renatus akamsomea, vizuri tu, Kiswahili cha redioni. Kisha akamuuliza, "Umeelewa, mama?" Akasema ndiyo. Nikamwambia Renatus mwulize atafanyaje akifika nyumbani. Yule mama akaeleza. Alitaka amwage pakiti nzima kwenye gunia moja na afunge, aanze kula wiki hiyo hiyo.

Renatus akakaa juu ya gunia, pale pale ulipokuwa ukikaa wewe. Hakucheka tena.

Nakueleza hilo kwa sababu ndiyo kazi unayokwenda kuifanya, na sitaki uifanye ukiwa umekaa Mwanza kwenye feni unadhani mtu akisema ndiyo ameelewa. Huku kwetu mtu akiulizwa na mwenye shati safi kama ameelewa, ni adabu kusema ndiyo. Mwache akueleze atakavyofanya kwa mikono yake. Na mwenye duka naye, mchunguze hivyo hivyo, kwa sababu mwenye duka ndiye mwongo mkubwa kuliko wote. Atakwambia kila kitu ni shwari, wateja wanafurahi, lete mzigo. Nakwambia mimi. Anaogopa kuonekana hajui, na anaogopa ukienda kwa jirani yake. Ukitaka akupe maswali ya kweli, anza wewe. Mwambie hili sisi wenyewe hatulijui, hili tulikosea msimu uliopita, nyinyi mmeona nini? Renatus aliponiambia yeye mwenyewe hakujua ile dawa ya pamba imebadilishwa, ndipo nilipoanza kumpa maswali yaliyokuwa yananitia aibu.

Na yakikufikia, yajibu. Hata kama jibu ni kwamba bado mnatafuta. Mwenye duka akituma swali mara mbili akaona kimya, la tatu atalijibu mwenyewe pale mezani, na unajua sasa linavyojibiwa.

Ndiyo hivyo zikatoka zile pakiti ndogo zilizofungwa kiwandani, zenye picha. Picha ya gunia la mahindi, na chini yake picha ya viazi vilivyokatwa, imepigwa mstari mwekundu. Walipoleta boksi la kwanza Renatus alinipongeza, akanipiga bega. "Swali lako, mzee. La ukurasa wa kwanza." Wakaniandikia na barua ya shukrani, mama yako akakataa isibandikwe ukutani. Ulimlaumu. Ulisema anamwonea baba wivu. Sasa unajua.

Niliendelea kuishi hivyo. Nilijiambia kwamba nimelipa. Watoto wangapi hawakula matobolwa yenye dawa kwa sababu ya picha ile? Nilikuwa nawahesabu kichwani, watoto nisiowajua, wakiwa wazima, wanacheza. Hesabu hiyo haikuwahi kumfikia Mayu Holo hata siku moja. Yeye alikuwa Kiloleli, mchawi.

Siku nne baada ya usaili wako, wewe ukiwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, aliingia msichana dukani, mtoto mgongoni. Akanunua dawa ya mahindi. Wengi wanaiweka kapuni wanaondoka, lakini huyu alisimama pale mlangoni penye mwanga akaanza kusoma pakiti kwa sauti ndogo, kidole kikifuata. Akafika kwenye picha ya mstari mwekundu. Akasoma tena. Kisha akageuka.

"Hii waliiandika lini?" akaniuliza.

Nikamwangalia, nikamjua kwa urefu wake. Ni bibi yake mtupu.

"Miaka kadhaa sasa," nikasema.

"Kwa hiyo walikuwa wanajua," akasema Minza. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Bibi alikuwa anasema ni dawa. Kila siku anasema ni dawa, ni dawa. Hatukumsikiliza." Akamweka mtoto sawa mgongoni. "Nilikwenda kumwona kwa siri mwezi uliopita. Haoni tena. Hali chakula vizuri. Ananiambia hataki kufa na lile jina."

Nilikuwa na nafasi ya tatu, Kabula. Hakuna mteja mwingine dukani. Nikafungua mdomo. Nikamwambia, "Pole sana, mwanangu," nikamwongezea pakiti moja ya bure. Akaikataa. Aliiweka juu ya meza akaondoka, na mpaka leo ipo pale, sijairudisha kwenye rafu.

Sasa unanijua. Mimi ndiye yule uliyewaambia hajawahi kumdanganya mteja.

Sitakuomba unisamehe kwenye karatasi. Ninaona aibu, na ninaogopa. Naogopa Jilala, naogopa vijana wa Kasoli ambao sasa ni watu wazima na walibomoa nyumba ya mtu kwa sababu ya jibu langu, naogopa wateja watakaopita mbele ya duka bila kuingia. Hapo sikudanganyi. Lakini kinachonitisha kuliko vyote ni habari kwamba Mayu Holo hali chakula vizuri. Mtu mzima asiyekula hana siku nyingi, na mimi nimekuwa nikizitumia siku zake kama zangu.

Unajua nimekata tiketi mbili za kesho. Mama yako amekuambia nakusindikiza mpaka Mwanza nikakuone unapoingia. Tiketi yangu haifiki Mwanza. Nitashuka njia panda ya Kiloleli. Nimempigia simu Jilala leo asubuhi, baada ya miaka kumi, nikamwambia aje huko kesho, nina neno la kusema mbele ya mama yake. Akauliza neno gani. Nikasema ni lile ulilokuja kuniuliza dukani. Akasema, "Nitakuja na Minza."

Ile karatasi ninayo. Imechanika kwenye mikunjo na ina alama ya mguu wa meza katikati. Nitaichukua. Nitamsomea Mayu Holo mstari wa tisa, kwa Kisukuma, taratibu, na wote watakaokuwepo wasikie. Kisha nitawaambia aliniuliza nini, na nilimjibu nini, na baadaye nilimjibu Jilala nini. Wakitaka kunipeleka polisi nitakwenda nao. Mama yako anajua, na funguo za duka anazo yeye.

Nilifikiria kukupa barua hii wakati nashuka kwenye basi, ili nisione uso wako. Nikaona huyo bado ni yule yule mtu wa chumvi. Kwa hiyo nitakupa leo, ukifika tu, kabla hujavua viatu. Uisome yote. Asubuhi, kama hutataka kukaa kiti kimoja na mimi, kaa mbele karibu na dereva, sitakuuliza. Usishuke na mimi, hata ukinihurumia. Kazi inakusubiri na hili si lako.

Ila siku watakapokusimamisha mbele ya wenye maduka, usianze na daftari. Anza na Nkamba. Waambie alikuwa na miaka minne, na kwamba maandishi ya kumwokoa yalikuwa dukani kwa baba yako, chini ya mguu wa meza.

Baba yako.